Livingstone, Zanzibar ao Dubai: angalia kalenda kabla ya tikiti

Mtu wa Lubumbashi akianza kupanga kutoka nje ya nchi, mara nyingi anasita kati ya majina matatu: Livingstone kwa barabara ya Kasumbalesa (mpaka wa Zambia), Zanzibar kupitia Dar es Salaam, na Dubai kwa ndege. Wengi huchagua mji kwanza, kwa ajili ya picha walizoona kwenye simu ya rafiki, kisha wanaulazimisha uingie ndani ya konje (likizo) yao. Hapo ndipo malalamiko yanapozaliwa. Tarehe zako hazina nafasi kubwa ya kusogea: vakansi kubwa za watoto ni Julai na Agosti, bosi anatoa wiki mbili, Pasaka na Noeli huwezi kuzisogeza. Miji ndiyo inayogeuka. Livingstone ya Aprili na Livingstone ya Novemba zinauzwa kwa jina moja, lakini anayekwenda Novemba kutafuta kile alichosimuliwa cha Aprili atarudi na hasira.

Kila safari tumeipima kwa vipimo vilevile: hewa na msimu, njia na karatasi, feza, desturi na kalenda ya wenyeji, na mahali inapoharibika mara nyingi. Bei za tikiti na hoteli hatukuziandika kwa sababu zinageuka kila wiki. Tumeonyesha tu wakati zinapopanda na zinaposhuka.

Mambo yasiyobagua mji

Paspoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kuingia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima uwe nayo, maana Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na ukirudi kwenye uwanja wa ndege wa Luano utaombwa tena. Tangu 2016 kadi hiyo inafaa maisha yote, lakini inaanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano. Aliyechanjwa Alhamisi ili asafiri Jumatatu anaweza kurudishwa, na afisa atakuwa na haki.

Jina ndilo linalotesa Wakongo kuliko mataifa mengi. Paspoti yetu ina majina matatu, nom, postnom na prénom, na ajansi yenye haraka huacha moja nje. Tikiti na viza ziandikwe kama paspoti ilivyo, herufi kwa herufi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya mzazi mwingine yenye mhuri. Dola ziwe mpya na safi: noti za miaka ya zamani zinakataliwa ao zinabadilishwa kwa bei ya chini. Na plagi ya pini mbili za mviringo tunayotumia nyumbani mara nyingi haiingii ukutani katika miji hii mitatu, kwa kuwa yote inatumia zaidi ile ya Kiingereza yenye pini tatu bapa. Nunua adapta mjini kabla ya kutoka.

Livingstone, Zambia

Hewa na msimu. Watu huenda kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi. Maji yake hayafuati mvua unayoiona angani siku ile. Zambezi inakusanya mvua kutoka mbali, hivyo mto unafura baada ya mvua kwisha: unajaa zaidi kati ya Machi na Mei, na kilele chake mara nyingi ni Aprili. Wakati huo mngurumo unausikia kabla ya kufika, lakini manyunyu ni mazito hata ukisimama mbele ya maporomoko unaweza kuona weupe mtupu. Utaloa mpaka ndani ya viatu. Makoti ya mvua yanakodishwa langoni, na simu isiyofungwa ndani ya plastiki inaweza kufa.

Juni mpaka Agosti maji bado ni mengi na manyunyu yamepungua, kwa hiyo ukuta wote unaonekana. Asubuhi ni baridi kama ya kwetu, pengine chini ya digrii 10, na gari la wazi la kutazama wanyama saa kumi na mbili asubuhi linadai koti, kofia na soksi nzito. Oktoba na Novemba joto linapita 35, na upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta inabaki mwamba mkavu, maji yakiwa yamekimbilia upande wa Zimbabwe. Lakini msimu huo wa maji machache ndio wa mtumbwi wa mpira katika mikondo ya korongo, na wa kuogelea kwenye kidimbwi kilicho ukingoni mwa maporomoko, kinachofunguliwa tangu Agosti hivi mpaka mto unapopanda tena. Anayependa michezo ya namna hiyo asisikilize wanaomwambia Oktoba ni mbaya.

Njia na karatasi. Kasumbalesa iko karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Kutoka hapo unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, mpaka Lusaka, kisha kilomita 470 na zaidi kidogo hadi Livingstone. Usiipange kwa siku moja. Lala Kabwe ao Lusaka, na usiendeshe usiku, kwani malori ya shaba yanasimama barabarani bila taa. Mpakani fika asubuhi mapema: foleni ya malori ni ya malori, watu na gari ndogo wana mlango wao, lakini mchana vibanda vyote vinajaa.

Mwenye gari lake anahitaji karatasi halisi ya gari (kama si la jina lake, barua ya ruhusa ya mwenyewe), kibali cha kuliingiza kwa muda, bima ya COMESA (bima ya gari ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), malipo ya barabara na ya kaboni, na pembetatu mbili za tahadhari. Bima ya COMESA nayo huitwa kadi ya njano, basi usimpe polisi ile ya chanjo. Zambia wanaendesha kushoto. Wenye magari ya usukani wa kuume, ambayo Lubumbashi yamejaa, watajikuta nyumbani. Wengine wawe macho hasa kwenye mizunguko, na kila asubuhi wanapotoka hotelini wakati barabara haina mtu wa kumfuata. Masharti ya kuingia ulizia konsulati ya Zambia hapa mjini wiki chache kabla. Ukitaka kuvuka daraja kwenda upande wa Zimbabwe, hakikisha pia kwamba ruhusa yako ya Zambia inakubali urudi.

Feza. Kwacha ndiyo inayotumika. Noti mpya zilitoka 31 Machi 2025, na za zamani zilipewa mwaka mmoja wa kuondolewa, kwa hiyo mbadilishaji wa mpakani anayekupa furushi la noti za zamani anakutupia mzigo wake. Badilisha kidogo tu Kasumbalesa, ya kufika benki. Hoteli zinapanda bei Julai na Agosti na mwisho wa mwaka.

Desturi. Hapa ndipo Mlushois, mtu wa Lubumbashi, hapati shida kubwa. Bemba ya nyumbani inakufikisha Kabwe. Livingstone utasikia zaidi Kitonga na Kilozi. Salamu kwanza, swali baadaye, na mkono wa kuume ukishikwa na wa kushoto kwa mkubwa. Angalia sikukuu: Jumatatu na Jumanne za kwanza za Julai ni Siku ya Mashujaa na Siku ya Umoja, ofisi zinafungwa, nayo mabasi yanajaa.

Inapoharibika. Nyani. Wako kwenye njia ya maporomoko, wanaujua mfuko wa plastiki kama mtoto anavyomjua muuza barafu, na watakunyang'anya bila kuogopa kelele. Beba begi lililofungwa mgongoni, bila chakula. Barabara ya kutoka maporomoko hadi mjini, kilomita kumi hivi, usiitembee kwa miguu jioni, tembo wanaivuka.

Inamfaa nani: familia yenye gari, wasiotaka ndege, na wenye konje ya Juni mpaka Agosti. Haimfai mwenye siku nne tu, kwani mbili zitaishia barabarani kwenda na mbili kurudi.

Zanzibar

Hewa na msimu. Kisiwa kinaishi kwa pepo mbili. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, na inaleta joto la digrii 31 ao 32 na bahari tulivu ya upande wa magharibi. Kusi inavuma Juni mpaka Septemba: hewa ni kavu zaidi, mchana digrii 28 hivi, upepo mkali upande wa mashariki. Kati yake kuna mvua. Masika, tangu katikati ya Machi mpaka Mei, ni mvua ya kweli, na hoteli nyingine hufunga Aprili na Mei kufanya matengenezo. Vuli, Oktoba mwishoni mpaka Desemba, ni manyunyu ya saa moja ao mbili kisha jua. Anayekwenda Pasaka kwa sababu ya bei nafuu ajue bei hiyo imeshuka kwa ajili ya nini.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa bara kama sisi hatukikumbuki: maji kujaa na kupwa. Paje, Jambiani na Bwejuu, upande wa mashariki, maji yakipwa yanarudi nyuma mbali sana, na kwa masaa kadhaa unachoogelea ni tope na matumbawe. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndizo kali zaidi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, bahari haikimbii namna hiyo. Kama mnaenda hasa kuogelea na watoto, chagua kaskazini. Kama unapenda kutembea juu ya mchanga na kuteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara wakati wa kusi, Paje ndiyo yako.

Njia na karatasi. Kwa ndege unapita Nairobi ao Addis Ababa, ao Dar es Salaam. Dar hadi Unguja boti ya kasi inachukua karibu masaa mawili, na wakati wa kusi inarusha watu. Meza dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, kaa nyuma na chini. Ukishuka Unguja utapita tena kwa uhamiaji hata kama umetoka Dar, basi paspoti isibaki hotelini bara. Reli ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ni njia nzuri kwa asiye na haraka kama treni ya abiria inatembea, lakini usifunge tarehe ya boti juu yake. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Tanzania ina konsulati Lubumbashi: uliza hapo kinachodaiwa kwa paspoti yako. Uliza pia kuhusu bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mgeni mtu mzima.

Feza. Sisi tumezoea kulipa dola kila mahali, hata kwa muuza makaa. Tanzania ilipiga marufuku tangu Machi 2025 kutaja ao kulipa bei za ndani kwa feza za kigeni. Badilisha shilingi kwenye benki ao duka lenye kibali, na uweke risiti. Bei za kisiwa zinapanda Julai na Agosti, na tena kuanzia Noeli.

Desturi. Hapa pana mengi, nayo si magumu. Mji Mkongwe na vijijini, mabega na magoti vifunikwe, wanaume kwa wanawake. Nguo ya kuogelea inabaki ufukweni. Mkubwa anaamkiwa “shikamoo” kabla ya jambo lolote, naye atakujibu “marahaba”. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinaeleweka, ila maombi yetu yanasikika kama amri: “naomba” na “tafadhali” zinafungua milango, hata bei inashuka. Jambiani na Paje utaona wamama ndani ya maji ya magoti wakifunga mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti. Lile ni shamba. Usikanyage kamba, na usipige picha bila kuomba.

Ramadhani inarudi nyuma siku kumi ao kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu 8 Februari na kwisha karibu 9 Machi, kwa kutegemea mwezi kuandama. 2028 itaanza mwisho wa Januari. Mchana wa mwezi huo hauli, hunywi wala huvuti sigara mbele ya watu Zanzibar, na mikahawa mingi ya mjini imefungwa. Hoteli za ufukweni zinaendelea. Jioni mji unafufuka, na futari ya mtaani ni sababu tosha ya kuja kwa asiyeogopa kushinda na kiu.

Inapoharibika. Mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania tangu 1 Juni 2019, na mizigo yetu mara nyingi imefungwa humo. Hamisha kila kitu kwenye mifuko ya kitambaa kabla ya kufika. Saa nayo inakosesha watu boti: pwani siku inahesabiwa kuanzia mapambazuko, saa moja asubuhi ni 7:00, lakini tikiti imeandikwa kwa hesabu ya kimataifa. Soma tarakimu, usifuate mdomo wa dalali. Mwisho, ndani ya maji vaa viatu vya mpira. Miiba ya urchini, hao wadudu weusi wa baharini, inaingia ndani ya kisigino na kukatika humo.

Inamfaa nani: wachumba, wenye familia ya kupumzika, na yeyote anayetaka nchi ya mbali ambako lugha yake inamtosha. Anayechoka haraka na ufukwe ataona siku tano ni nyingi.

Dubai

Hewa na msimu. Novemba mpaka Machi ni digrii 15 hadi 30 hivi, hewa ya kutembea. Juni mpaka Septemba inapita 40, na unyevu wa bahari unafanya usiku nao usipoe. Sheria ya nchi yenyewe inakataza kazi za nje chini ya jua kati ya 12:30 na 15:00, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, na mtalii mwenye watoto ajipangie hivyohivyo: asubuhi mapema, kisha ndani ya maduka makubwa, kisha baada ya jua kuzama. Mvua ni chache na inaanguka zaidi Desemba mpaka Machi, ingawa ile ya 16 Aprili 2024 ilizamisha barabara na kuvuruga uwanja wa ndege. Ukungu wa alfajiri wakati wa baridi huchelewesha ndege, hivyo usiache dakika chache kati ya ndege mbili.

Njia na karatasi. Addis Ababa ao Nairobi, halafu Dubai. Viza ndiyo mlima wenyewe. Inaombwa kupitia shirika la ndege, hoteli ao ajansi, inaweza kukataliwa bila maelezo, na malipo yake hayarudi. Basi agizo ni moja: viza mkononi kwanza, tikiti baadaye, ao tikiti inayokubali kubadilishwa. Tangu Novemba 2022 paspoti yenye jina moja tu haikubaliwi kwa viza ya utalii. Kupitisha siku za viza kunalipiwa dirhamu 50 kila siku.

Feza. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu zamani, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo anayekupa chini ya 3.60 anajipendelea. Wafanyabiashara wanaobeba pesa taslimu: kutoka Kongo kikomo ni dola 10,000, na ukiingia Dubai na zaidi ya dirhamu 60,000 unatangaza. Hoteli zinapanda mno mwisho wa Desemba na wakati wa maonyesho makubwa ya biashara. Julai na Agosti zinashuka sana, kwa sababu ya joto lile.

Desturi. Wikendi ni Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ofisi za serikali zinafunga adhuhuri. Deira na Naif, mitaa ya soko, maduka mengi madogo yanafunga mchana na kufunguka tena saa kumi jioni hadi usiku, kwa hiyo atakayefika saa nane atakuta mapazia ya chuma. Bei inajadiliwa sokoni, si ndani ya maduka makubwa. Kwenye soko la dhahabu uzito una bei ya siku iliyobandikwa. Kinachopunguzwa ni gharama ya ufundi. Ndani ya metro hakuna kula, kunywa wala kutafuna jojo, na kuna behewa la wanawake: baba akiingia kwa haraka bila kuangalia sakafu, faini. Pombe inanywewa mahali penye leseni, na kulewa barabarani ni kesi. Wakati wa Ramadhani mikahawa ya Dubai inahudumu mchana, lakini usitembee na chupa mdomoni.

Inapoharibika. Dawa. Tramadol, kodeini na nyingine tunazonunua hapa bila karatasi ni dawa zinazodhibitiwa vikali kule, na watu wamefungwa kwa kidonge. Kama unaitumia kweli, omba idhini kabla ya safari na ubebe barua ya daktari. Kama huihitaji, pekua begi la mkono usiku wa mwisho, hata mfuko wa pembeni wa mama mkwe.

Inamfaa nani: mwenye biashara, anayependa mji na maduka, na mwenye konje ya Desemba mpaka Februari. Mwenye bajeti ndogo na ngozi ngumu anaweza kufaidi Agosti.

Kwa hali yako

Konje ni Julai ao Agosti, na watoto: Livingstone kama mna gari na siku nane ao zaidi, Zanzibar kaskazini kama mnataka bahari na mnaweza kulipa ndege. Dubai wakati huo iachie mfanyabiashara.

Pasaka: Livingstone, kwa wasioogopa kuloa. Zanzibar iko ndani ya masika. Dubai bado inavumilika mpaka katikati ya Aprili.

Noeli na Mwaka Mpya: Dubai kwa hewa, lakini hoteli ishikwe miezi mitatu ao minne kabla. Zanzibar ni joto na ghali, bahari ni nzuri. Livingstone ni mvua, kijani, na mto unaoanza tu kupanda.

Februari 2027: mwezi mzuri kwa hewa ya Zanzibar na Dubai pia, ila Ramadhani imekaa juu yake. Asiyetaka kubadilisha ratiba ya chakula aende Januari.

Safari ya kwanza nje ya nchi, na wasiwasi wa karatasi: Livingstone ao Zanzibar, kwa sababu konsulati zote mbili ziko hapa mjini na swali lako linajibiwa ana kwa ana. Safari ya kununua bidhaa: Dubai, kati ya Novemba na mwanzo wa Desemba, kabla ya bei za sikukuu, ukianza maombi ya viza mwezi mzima na nusu mbele.

Na usipoweza kabisa kuchagua, piga simu konsulati na ajansi siku moja, uliza tarehe ya karibu ambayo karatasi zote zinaweza kuwa tayari, kisha iweke tarehe hiyo kwenye orodha hii. Mara nyingi inabaki miji miwili, pengine mmoja.